MAILI ZA NDEGE NI NYANYA, SIYO DHAHABU: ZITUMIE KABLA HAZIJAOZA



Leo tuongee habari ya mali ambayo wengi wetu tunayo na hata hatukumbuki kama tunayo. Haipo stoo, haipo benki, haipo kwa wadeni wetu. Ipo kwenye kompyuta za mashirika ya ndege. Kila unapopanda ndege kwenda Guangzhou, Dubai au Istanbul kufuata mzigo, kama umejiandikisha, kuna maili zinaandikwa kwa jina lako. Na kila siku kuna maili za mtu zinakufa kimya kimya, bila msiba wala tanga.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Maili siyo akiba. Ni bidhaa inayooza. Ukizifungia kabatini kama dhahabu, umeliwa. Ukizikimbiza kama vile ndizo biashara yenyewe, umeliwa zaidi. Mimi nimeliwa kote kuwili, ndiyo maana nina la kusema.

NILIVYOLIWA MARA YA KWANZA

Nauza mikoba na viatu vya kike Kariakoo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naenda China mara mbili kwa mwaka na Dubai mara moja. Wakala wangu wa tiketi ndiye aliyenifungulia akaunti ya maili kwenye shirika moja. Kwa kuwa wakati ule sikuwa na imeili, akaweka yake. Mimi nikaandikiwa namba kwenye karatasi, nikaitia kwenye pochi, maisha yakaendelea.

Nilijua maili zinaongezeka. Nikasema moyoni, hizi sizigusi, nitazikusanya mpaka zitoshe kumpeleka mama Muscat kwa dada yangu, akae huko mwezi mzima aone wajukuu. Kila mwaka nasema mwakani. Mwakani ikifika, nasema ngoja zijae vizuri.

Siku moja dada akalazwa. Upasuaji, na watoto wake wadogo. Mama akasema, "Mimi naenda, hata kwa miguu." Nikampigia wakala, tena kwa kujiamini: "Kaka, angalia maili zangu, mkatie mama tiketi." Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Dada, hapa naona elfu nne tu. Nyingine zilishaisha muda."

Zaidi ya maili 60,000 zilikuwa zimefutwa kwa mafungu, miaka miwili mfululizo. Na onyo lilitumwa jamani! Lilienda kwenye imeili ya wakala, likalala huko katikati ya matangazo.

Mama alisafiri. Tiketi niliilipia taslimu, na tiketi ya kukata leo kusafiri kesho mnajua bei yake. Pesa ikatoka kwenye mtaji wa Idd. Idd ile nilifungua frem ikiwa nusu tupu. Wateja wangu wa jumla wa Morogoro na Tanga walipokosa namba za viatu wakavuka barabara kwa jirani. Wawili hawajarudi mpaka leo. Sasa niambie, hasara ile ilikuwa ya maili au ya biashara?

Shirika silitupii lawama. Masharti yalikuwepo, mimi sikuyasoma. Kosa langu lilikuwa kuita akiba kitu ambacho kina tarehe ya kufa.

KWA NINI ZINAKUFA

Huu mchezo siyo wa jana. American Airlines ya Marekani ilianzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, Mei 1981, na mashirika mengine yakafuata. Lengo ni lile lile la mama ntilie anayekuongezea mchuzi: urudi kwake kesho, usiende kwa mwenzake.

Lakini mama ntilie mchuzi ameshakupa, umekula, yameisha. Shirika la ndege limekupa ahadi. Kwenye vitabu vyake, maili ambazo hujatumia zinakaa upande wa madeni, kwa sababu ipo siku utakuja kudai kiti. Ukizitumia, limelipa deni. Zikiisha muda, deni linafutika na kile kiasi kinahesabiwa kuwa mapato. Umeelewa hapo? Maili zako zikifa, kuna mtu upande wa pili ambaye hesabu zake zimekaa vizuri zaidi. Hana sababu ya kukupigia simu kukubembeleza uzitumie.

Na kufa kwenyewe kuna namna zake. Kwa mwanachama wa kawaida, namna kubwa ni hizi:

1. Zinazokufa kwa tarehe. Mfano ni Emirates Skywards: maili zinadumu miaka 3, halafu zinakatwa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Ukizaliwa Machi, Machi ndiyo ya kuangalia. Kusafiri tena hakuziokoi zile za zamani.

2. Zinazokufa kwa kusahauliwa. Mfano ni pointi za Avios, zinazotumiwa na Qatar Airways na British Airways. Hizo zinabaki hai mradi ndani ya miezi 36 umepata au umetumia hata kidogo. Ukikaa kimya muda wote huo, zinaondoka zote.

3. Zisizokufa lakini zinakonda. Delta ya Marekani maili zake hazina tarehe ya mwisho. Safi. Lakini mwaka 2015 iliondoa jedwali lililokuwa linaonyesha kiti cha wapi ni maili ngapi, bei ikawa ya kuangalia siku hiyo hiyo. Ni kama kuweka shilingi chini ya godoro: noti ipo, lakini mchele inaonunua unapungua.

Kwa hiyo hata zile za milele, mimi ushauri wangu haubadiliki. Nyanya za Ilula hupandishi bei kwa kuzikalia. Unauza zikiwa ngumu.

MAFUNGU MAWILI USIYACHANGANYE

Wengi wanachanganyikiwa hapa. Kwenye akaunti yako mara nyingi kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni maili za kutumia, hizo ndizo za kukatia tiketi au kupandia daraja la juu kwenye ndege. Ya pili ni maili za hadhi, hizo hutumii kununua kitu. Zinahesabiwa ndani ya muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja, zikifika kiwango unapewa kadi ya Silver, Gold na kuendelea. Mwaka mwingine hesabu inaanza upya kutoka sifuri.

Hadhi kwa mfanyabiashara ina faida gani? Watu watakuonyesha picha wamekaa launji wanakunywa juisi. Juisi ni nzuri, lakini haiuzi mkoba. Faida yetu sisi ni KILO.

Chukua mfano wa umoja wa Star Alliance. Ethiopian wamo, Turkish wamo, EgyptAir wamo, Air China wamo. Mwenye kadi ya ngazi ya Gold ya umoja huo anaongezewa kilo 20 pale mzigo unapohesabiwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale unapohesabiwa kwa idadi ya mabegi. Kuna tiketi za bei ya chini zenye masharti yake, kwa hiyo soma kabla ya kufungasha. Lakini kilo 20 za mikoba ya Sanyuanli siyo mchezo. Huo ni mzigo wa kufungulia frem wakati kontena bado lipo baharini.

Angalizo moja: kilo za ziada unapewa na ndege, hupewi na forodha. Ushuru wako uko pale pale. Usije ukasema ulidanganywa kwenye ukurasa huu.

NILIVYOLIWA MARA YA PILI

Baada ya lile la mama nikawa na hasira. Nikajifungulia akaunti mwenyewe, imeili yangu, neno la siri langu. Nikawa nafuatilia kila safari. Novemba ikaja meseji: umebakiza kidogo tu kufikia Gold, hesabu inafungwa Desemba.

Ndugu yangu, nilikata tiketi ya Guangzhou. Maonyesho ya Canton ya vuli yalikuwa yameshaisha, mzigo wa Krismasi nilikuwa nao tayari, sina oda ya mteja hata mmoja. Lakini nikajiambia, si nitaleta tu viatu, viatu vinauzika. Hoteli, chakula, nauli za humo ndani, na mtaji nikaumwaga kwenye mitindo ambayo sikuwa nimejipanga nayo.

Mzigo mkubwa ulifika kwa meli Januari ikiwa imeshachanganya. Januari mzazi anawaza ada na sare za shule, nani ananunua kiatu cha kisigino? Vile viatu niliviuza kwa bei ya kutupa mpaka mwezi wa nne.

Kadi niliipata. Inang'aa. Mwaka uliofuata niliitumia safari mbili tu, maana mtaji ulikuwa umekonda na ya tatu sikwenda. Kilo 20 kwa safari mbili ni kilo 40. Sasa chukua bei anayokutoza mtu wako wa kago ya ndege kwa kilo moja, zidisha kwa 40. Halafu weka pembeni gharama ya safari nzima ya China. Hata darasa la nne anaona jibu.

Ndiyo maana nasema safari ya kutafutia hadhi ni mkopo wenye riba ya kificho. Hadhi nzuri ni ile inayokuja yenyewe kwa safari ambazo biashara ilizihitaji. Ukibakiza kidogo mwisho wa mwaka na una safari ya Januari ambayo ni ya lazima, na mzigo unakubali, irudishe Desemba. Hapo sawa. Lakini kama safari haipo kwenye mpango wa mzigo, acha kadi ipite. Itarudi au haitarudi, frem ipo.

NA VOCHA ZA MWENZA JE?

Hili ni kwa wenye ndugu Uingereza na Marekani. Huko kuna kadi za benki ambazo mtu akifikisha matumizi fulani anapewa vocha ya mwenza. Ile kadi ya American Express ya British Airways kule Uingereza ni mfano: mwenye vocha akikata kiti chake kwa Avios, wa pili anapata kiti bila kutoa Avios nyingine. Kodi na tozo mnalipa wote wawili.

Kwa nini nakuambia? Kwa sababu British Airways inaruka London kwenda Nairobi, na wapo ndugu zetu wengi wanaokaa na hizo vocha mpaka zinakufa. Wanangoja Desemba. Viti vya maili vya Desemba ni vichache na vinawahiwa. Shirika hilo linafungua viti siku 355 kabla ya safari, kwa hiyo mwenye akili ya Desemba anakaa macho tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia.

Mambo mawili ya kumwambia ndugu yako. Moja, mwenye vocha lazima awe mmoja wa wasafiri, hawezi kukurushia vocha kama anavyorusha muda wa maongezi. Mbili, asome kama ile tarehe ya mwisho ni ya kukata tiketi au ni ya kusafiri. Vocha nyingi zinafia kwenye tofauti hiyo.

NIFANYEJE SASA?

Haya ndiyo ninayofanya mimi tangu niliposhika adabu:

1. Akaunti ni yako. Imeili yako, namba yako ya simu, neno la siri lako. Wakala akusaidie kukata tiketi, asikutunzie mali. Na jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, la sivyo maili haziingii.

2. Maili zinaandikwa kwenye daftari la stoo. Usicheke. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu una mistari: shirika, maili ngapi, zinakufa lini. Kila nikihesabu stoo mwisho wa mwezi nahesabu na zile. Kama bando la intaneti unajua linaisha saa ngapi, maili zinakushinda nini?

3. Usitawanye. Ukipanda leo hili, kesho lile, kwa sababu ya tofauti ndogo ya nauli, utakuwa na vijimaili sita mahali sita na hakuna hata pamoja panapotosha. Chagua umoja mmoja. Ukipanda Ethiopian kwenda China na Turkish kwenda Istanbul, zote unaweza kuziingiza akaunti moja. Ila uliza kwanza, maana tiketi za bei ya chini kabisa nyingine zinaingiza maili kidogo au haziingizi kitu.

4. Tunza kipande cha kupandia ndege mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia unadai, na kudai nako kuna muda wake wa mwisho.

5. Zikitosha safari moja unayoihitaji, zitumie safari hiyo. Usingoje safari ya ndoto. Kama maili zinakatia tiketi ya China ya mwezi ujao, zikatie, halafu ile nauli taslimu uliyokuwa utoe, hiyo sasa iweke kwa ajili ya mama. Pesa haina mwezi wa kuzaliwa wa kukatwa.

6. Piga hesabu ya tozo. Tiketi ya maili siyo ya bure, kuna kodi na tozo, nyingine nzito. Toa tozo kwenye nauli ya kawaida, kinachobaki ndiyo thamani ya maili zako. Ikiwa ndogo sana, tafuta tarehe au safari nyingine.

7. Hazitoshi na zinakaribia kufa? Angalia kuunganisha. Emirates, kwa mfano, wana utaratibu wa familia kuweka maili chungu kimoja. Baadhi ya mashirika yanaongeza muda kwa malipo. Linganisha malipo na thamani kabla hujatoa hela.

8. Usiuze wala kununua maili mitaani. Masharti ya mashirika yanakataza, akaunti inaweza kufungwa na tiketi ikafutwa. Kuna watu wanatangaza tiketi nusu bei kwa maili. Utasimama kaunta na mabegi yako ukiambiwa tiketi haipo.

"LAKINI MIMI NASAFIRI MARA MOJA TU KWA MWAKA"

Najua kuna mtu anasema hivyo. Na kuna wakala mmoja aliniambia usoni, maili ni geresha, angalia nauli tu. Nusu namkubali. Kama unasafiri mara moja, nauli ya chini ndiyo ya kwanza, hadhi sahau kabisa. Lakini kujiandikisha ni bure. Maili za safari moja ya China zikiongezwa na za mwaka kesho na za kesho kutwa, zinaweza kukukatia tiketi fupi ya ndani ya Afrika, mradi hujaziacha zikaoza. Kuiacha hela mezani kwa sababu ni ndogo siyo tabia ya mfanyabiashara. Sisi wa Kariakoo tunagombana kwa shilingi mia, leo tunawaachia mashirika safari nzima?

Na wewe unayesafiri kila mwezi, unayejua kila ngazi ya kadi kwa rangi yake, nakuomba ujiulize swali moja kabla ya kubonyeza "lipia": safari hii ningeenda kama maili zisingekuwepo? Kama jibu ni hapana, funga simu ukalale.

Mama aliporudi Muscat aliniletea haluwa na kanga. Sikumwambia tiketi ilitoka wapi. Idd iliyofuata alikuja dukani, akakaa kwenye kigoda, akaangalia rafu zimejaa, akasema, "Mwaka huu umejipanga." Nikamwambia ndiyo mama, nimejipanga.

Basi usiku huu, kabla hujalala, fungua akaunti yako. Kama namba ipo kwa wakala, mpigie akupe. Andika mambo mawili tu: una maili ngapi, na zinakufa mwezi gani. Ukikuta zinakufa hivi karibuni, andika hapo chini shirika gani na unataka kwenda wapi, tusaidiane njia ya kuzitumia. Na mtumie mwenzako anayefuata mzigo China. Huenda zake zinaoza sasa hivi tunavyoongea.

Biashara njema.